Sentimita Mia Moja Ishirini na Nne

Mhariri wangu kule Warszawa amepiga simu tena.
Kitabu kizuri, asema, ila msamaha uko sura ya ngapi?
Nimemwambia nitatazama.
Nimetazama. Ipo sura ya mlango.

Mlango wa jikoni, ghorofa ya nne, Łódź.
Mama aligongomea msumari kwenye mwimo,
sentimita mia moja ishirini na nne kutoka sakafuni,
kwani hicho ndicho kilikuwa kimo cha Tone,
binti wa theluji, kila Jumapili saa tatu asubuhi,
watoto wa nchi nzima wakinywa maziwa mbele ya televisheni.
Jumamosi usiku nilisimama chini yake, bila viatu.
Utosi ukiugusa, sikula.
Ukiupita,
basi.

Nikajifunza kutoa pumzi yote, kuuzamisha uti wa mgongo
kama upanga unaorudi alani.
Nikasikia kwamba mtoto hukua akilala,
nikawa silali.

Hakupiga usoni. Uso ulikuwa wa mkataba.
Mwiko aliuviringishia taulo lenye maji,
akahesabu kwa sauti ya chini, majirani wasisikie,
kisha akanichua kwa mafuta ya kafuri, mikono ileile,
na mikono ileile, sijui nifanyeje na hili,
ilikuwa na joto.

Bi Celestyna wa vipodozi aliona.
Nilivua sweta, Februari ya themanini na tatu, akaona.
Akasita. Akachovya sifongo kwenye poda.
"Fumba macho, kipenzi,"
akanitia peremende ya mnanaa mfukoni.
Niliimumunya siku tatu, nikiirudisha kila mara kwenye karatasi yake.

Mwongozaji alipotaka chozi, chozi lilikuja.
Kipaji! alisema, akipiga makofi. Kipaji cha kuzaliwa!
Kipaji kilikuwa mkono wa mama nyuma ya kamera,
kiganja kikitazama chini,
ukipima hewa.

Uchungu wa mwana, husema watu, aujuaye mzazi.
Kweli. Wangu aliujua hadi sentimita.

Kisha kile kiangazi alichougua nyongo,
nikapelekwa kwa shangazi Teodozja, mashambani.
Viazi vipya. Maziwa ya mgando. Mkate unaotoa moshi.
Hakuna aliyehesabu vijiko.
Nililala mpaka jua linanichoma miguu,
miguu ambayo tayari ilikuwa imetoka nje ya blanketi.

Septemba nikarudi nimezidi kwa sentimita tano.
Wakapata Tone mwingine, kutoka Bydgoszcz, mwenye pengo.
Mama aliketi jikoni kutwa, koti mwilini, kofia kichwani.
Hakuugusa mwiko.
"Umeniua, Jagoda," alisema.
Nikamwomba radhi. Nilikuwa na miaka kumi,
na nilimaanisha.

Sasa yuko nyumba ya wazee. Jumatano nampelekea machungwa.
Hanijui. Mimi ni yule mama wa duka la dawa.
Juzi akanishika mkono: "Mtoto wangu anakuja saa ngapi?
Ana kurekodi kesho. Asile kitu."
Nikamenya chungwa, polepole, ganda lisikatike.
"Tramu imechelewa," nikamwambia.
"Na mtoto amekwisha kula."

Alinikazia macho, muda mrefu,
macho yaleyale ya Jumamosi.
Halafu akaomba kipande.
Nikampa. Kingine nikala mimi.

Mhariri, hiyo ndiyo sura niliyo nayo.
Usiitafutie jina.

Ah, na msumari: tulipouza nyumba
nilikwenda na koleo, nimejiandaa kupigana nao.
Ukatoka kwa vidole viwili.
Tundu lake nimelipima. Linanifika hapa,
kwenye kifungo cha pili cha koti.